Vijana Saba wa Ithaca

Leo nina habari ya vijana saba walioanzisha chama chuoni, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, katika mji mdogo wa Marekani uitwao Ithaca. Pengine jina la mji huo ni geni masikioni mwako. Lakini mmoja wa watu waliokuja kuingia katika chama hicho ndiye aliyeketi London mwaka 1960 pamoja na wajumbe Waafrika wa Kenya, akiwasaidia kuandaa rasimu ya haki za raia kwa ajili ya nchi iliyokuwa ikielekea kwenye uhuru. Huyo nitamfikia. Kwanza twende Ithaca.

Mji huu uko katika jimbo la New York, mbali na jiji lenye jina hilo, mwisho wa kusini wa ziwa refu jembamba liitwalo Cayuga. Mji uko bondeni, na Chuo Kikuu cha Cornell kiko kilimani. Chuo kilianzishwa mwaka 1865, mwaka ule ule vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha Marekani na utumwa ukafutwa kwa katiba. Mwanzilishi wake, Ezra Cornell, aliyetajirika kwa biashara ya telegrafu, alitaka kiwe chuo ambamo mtu yeyote ataweza kujifunza somo lolote. Tumpe haki yake: wakati vyuo vingi viliwafungia mlango wanawake na watu weusi, chake kiliwapokea. Kwenye karatasi, basi, kijana mweusi aliyefaulu mitihani alikuwa mwanafunzi kama wenzake. Shida ilianza jioni, masomo yakiisha, kila mtu akielekea kwake.

Hapa yafaa nieleze jambo moja la vyuo vya Marekani, maana bila hilo habari yote haitaeleweka. Toka zamani wanafunzi wa huko wana vyama vya udugu vinavyoitwa kwa herufi za Kigiriki. Cha kwanza, Phi Beta Kappa, kilizaliwa Desemba 1776 katika Chuo cha William and Mary, Virginia, miezi michache tu baada ya Marekani kutangaza uhuru wake. Vilivyofuata, hasa vile vya Chuo cha Union mjini Schenectady kuanzia mwaka 1825, ndivyo vilivyoweka mtindo unaojulikana leo: jina la herufi mbili tatu za Kigiriki, kaulimbiu ya siri, beji kifuani, namna ya kupeana mikono wanayoijua wenyewe, na kiapo siku ya kuingizwa. Chama kikishakubalika chuo kimoja, wanafunzi wa chuo kingine huomba ruhusa wafungue tawi. Ndiyo maana Mmarekani akikwambia yeye ni wa chama fulani, huongeza na tawi alimoingilia, kwa kuwa tawi ndipo alipowajua watu.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vyama hivi vilianza kujenga nyumba. Na Cornell, kwa miaka mingi, haikujenga mabweni ya kutosha kwa wanafunzi wa kiume. Matokeo yake unaweza kuyaona mwenyewe. Nyumba ya chama ndiyo iliyokuwa bweni, ndiyo iliyokuwa meko, ndiyo baraza ya mazungumzo baada ya chakula, na ndimo kijana wa mwaka wa kwanza alimokutana na mtoto wa jaji, mtoto wa mwenye benki na mtoto wa mwenye kiwanda. Mitihani ya miaka iliyopita ilihifadhiwa mle. Barua za kumtafutia mtu kazi zilianzia mle. Mwanafunzi mweusi hakuruhusiwa kujiunga. Alipanga chumba bondeni katika nyumba za familia chache za watu weusi waliokuwapo Ithaca, akapanda kilima asubuhi na kukishuka jioni. Na baadhi yao, ili wapate karo, walifanya kazi ya kuandaa meza katika nyumba zilezile za vyama. Walibeba sahani, wakasimama ukutani wakisubiri kuitwa, wakasikia wenzao wa darasani wakiimba nyimbo za udugu wao.

Historia ya chama cha vijana wale saba, iliyoandikwa na Charles H. Wesley na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1929, inasimulia kwamba wanafunzi weusi sita wa Cornell walioondoka mwisho wa mwaka mmoja wa masomo hawakurudi mwaka uliofuata. Sita, mahali ambapo wote kwa jumla walikuwa wachache hivyo, ni msiba. Waliobaki walitazamana wakajua kwamba wasipofanya kitu, mwaka unaofuata itakuwa zamu yao.

Kwa hiyo katika mwaka wa masomo wa 1905 kuingia 1906 walianza kukutana majumbani walimopanga. Aliyewakusanya ni Charles Cardoza Poindexter, mwanafunzi aliyewatangulia kimasomo. Walisoma pamoja, walijadili vitabu, walisaidiana masomo magumu, walikula pamoja. Kiliitwa chama cha jamii na fasihi, na kwa muda kilitosha. Kisha swali likazuka ambalo huzuka katika kila kikundi cha namna hii: tubaki hivi tulivyo, au tuwe kitu cha kudumu?

Poindexter aliona chama cha fasihi kinafaa. Hakupenda wazo la udugu wa herufi za Kigiriki. Aliona ule ni mtindo wa weupe, uliotokana na historia yao na desturi zao, na watu weusi hawakuwa na msingi wa kuuigia. Wadogo zake hawakukubali. Wao walikuwa wameziona nyumba zile kwa ndani, kutokea upande wa jikoni, na walijua kilichowafanya watoto wa weupe wasipotee njiani. Nyimbo na beji zilikuwa pambo tu. Kijana mweupe aliyefika Septemba bila kumjua mtu alikuta watu wanamngoja, na wale waliomngoja walikuwa wamengojwa vilevile na waliowatangulia. Ule mnyororo ndio waliouhitaji. Kikundi cha kusoma vitabu, hata kiwe kizuri namna gani, hufa siku aliyekiita anapohitimu.

Mimi katika ubishi huu nipo upande wa vijana, lakini simdharau Poindexter. Hoja yake ilikuwa na uzito, na miaka mingi baadaye wasomi weusi wakubwa waliirudia kwa namna nyingine. E. Franklin Frazier, mwanasosholojia, katika kitabu chake juu ya tabaka la kati la watu weusi, aliwalaumu wanachama wa vyama hivi kwa kupoteza fedha na nguvu kwenye dansi na mashindano ya hadhi. Alichoona Frazier kilikuwapo kweli, na bado kipo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba jina la Poindexter halimo katika orodha ya waasisi. Aliita kikao cha kwanza, akaongoza, kisha akakaa pembeni wenzake walipochagua njia nyingine. Wanachama hawajamfuta katika vitabu vyao, wanamtaja kwa heshima, ila wanaoitwa Vito Saba, yaani waasisi, ni wengine. Hata hesabu ya hao saba haikupatikana kwa siku moja: Eugene Kinckle Jones, ambaye leo hakuna anayemtilia shaka, alikubaliwa rasmi kuwa mwasisi katika miaka ya 1950, alipokuwa mzee. Kuanzisha kitu pamoja ni kazi, na kukubaliana baadaye nani alikianzisha ni kazi nyingine.

Sasa zingatia majira yenyewe. Septemba 1906, katika jiji la Atlanta, magenge ya weupe yaliyochochewa na habari za uongo magazetini yaliwavamia watu weusi mitaani kwa siku kadhaa, yakawaua na kuharibu maduka yao. Novemba mwaka huohuo Rais Theodore Roosevelt aliwafukuza jeshini askari weusi 167 kwa tuhuma za ufyatuaji risasi katika mji wa Brownsville, Texas, bila kesi wala ushahidi wa maana. Jeshi lilikuja kuwasafisha mwaka 1972, wengi wao wakiwa kaburini. Baadhi ya askari wale walikuwa wamepigania bendera ya Marekani nje ya nchi. Kijana mweusi aliyekuwa akisoma gazeti Ithaca mwezi huo alijifunza kwamba utii peke yake haulipi chochote.

Ndipo tarehe 4 Desemba 1906 wakapiga kura. Kikundi kikageuka kuwa chama cha udugu, jina lake Alpha Phi Alpha, rangi zake nyeusi na dhahabu. Majina yao ni haya: Henry Arthur Callis, Charles Henry Chapman, Eugene Kinckle Jones, George Biddle Kelley, Nathaniel Allison Murray, Robert Harold Ogle na Vertner Woodson Tandy. Kelley akawa mwenyekiti wa kwanza wa tawi. Na hapo pana jambo dogo ambalo mimi naliona kubwa: walijiita tawi. Chama chote kilikuwa wao wenyewe, watu wanaoenea kwenye sebule moja, hakuna mwingine popote duniani, na tayari wakajipa herufi ya kwanza, Alfa, kana kwamba Beta na Gama zipo njiani.

Na kweli zilikuwapo njiani. Ilipita mwaka mmoja tu. Jones alikuwa mwenyeji wa Richmond, Virginia, na wazazi wake walikuwa walimu. Baba yake alifundisha katika Chuo Kikuu cha Virginia Union, chuo cha watu weusi ambako Jones mwenyewe alisoma kabla ya kwenda Cornell. Alipopata likizo ya Desemba 1907 akaelekea kusini, na likizo hiyo ikawa kazi. Tawi la Beta lilifunguliwa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, na la Gama pale Virginia Union. Alifika kwa watu waliomfahamu na kumwamini. Katika historia za vyama tunapenda kusoma matamko na katiba, lakini nijuavyo mimi tawi la pili la kitu chochote hupatikana kwa njia hii: mmoja ana ndugu au rafiki mahali pengine, anapanda gari moshi, anakaa naye chini, anamweleza. Mwaka 1908 chama kikasajiliwa kisheria katika jimbo la New York, na Desemba yake wajumbe wa matawi wakafanya mkutano mkuu wa kwanza, mwenyeji akiwa Howard.

Howard ndiko moto uliposhika. Mwaka huohuo wa 1908 wanafunzi wa kike wa chuo hicho walianzisha Alpha Kappa Alpha, chama cha kwanza cha herufi za Kigiriki cha wanawake weusi wasomi, ambacho wengi wenu mlikisikia Kamala Harris alipokuwa Makamu wa Rais, kwani aliingia humo akiwa Howard. Mwaka 1913 kikazaliwa hapo Delta Sigma Theta, nacho cha wanawake, na ndani ya miezi michache wasichana wale walikuwa barabarani Washington katika maandamano ya wanawake waliodai kura. Mwaka 1914 kikaja Phi Beta Sigma, ambacho Kwame Nkrumah alikuja kujiunga nacho alipokuwa akisoma Pennsylvania. Vijana walioambiwa kwamba wanawaiga weupe walikuwa wamefungua njia ambayo wengine waliipita wakitaka mambo ambayo nyumba za kilimani hazikuwahi kuyafikiria.

Ukienda leo kwenye chuo chenye matawi haya utawajua kabla hujaambiwa. Jioni uwanjani wanapanga mstari, bega kwa bega, kisha bila ngoma wala gitaa wanaanza kukanyaga chini kwa mpigo mmoja. Mguu wa kulia, wa kushoto, kofi, paja, kofi chini ya goti, kimya cha nusu pumzi, halafu wote kwa pamoja tena. Kiongozi anaita, mstari unaitikia. Mtu wa Pwani au wa bara, yeyote aliyekulia kwenye ngoma, hahitaji kufafanuliwa kinachoendelea pale. Hawakukipata Ugiriki.

Turudi kwa wale saba, tuone walifanya nini na maisha yao. Tandy alitoka Lexington, Kentucky, mtoto wa mjenzi, akapitia Tuskegee kabla ya Cornell, akawa mtu mweusi wa kwanza kusajiliwa kuwa msanifu majengo katika jimbo la New York. Yeye na mwenzake George Washington Foster ndio waliochora kanisa la Mtakatifu Filipo lililoko Harlem, ambalo bado limesimama. Alimchorea pia Madam C. J. Walker, mwanamke mweusi aliyetajirika kwa biashara ya dawa za nywele, jumba lake kubwa la Villa Lewaro, kando ya mto Hudson. Fikiria kijana aliyekataliwa chumba kilimani, anakuja kumjengea binti wa watu waliokuwa watumwa nyumba inayozishinda nyingi za matajiri wa kizungu.

Jones aliingia katika Urban League, shirika lililowapokea watu weusi waliokuwa wakihama kutoka mashamba ya kusini kwenda miji ya kaskazini, likawatafutia kazi na makazi. Akaliongoza kwa zaidi ya miaka 20, na wakati wa Rais Franklin Roosevelt alikuwa miongoni mwa washauri weusi wa serikali. Kelley alikuwa mhandisi, Callis daktari na mwalimu wa udaktari, Murray na Chapman walimu, Ogle alifanya kazi katika Seneti. Callis ndiye aliyeishi muda mrefu kuliko wote. Alifariki mwaka 1974, akiwa ameona kile kilichoanzia sebuleni kikiwa na matawi nchi nzima.

Na sasa yule mtu wa London. Anaitwa Thurgood Marshall. Alikuwa mwanachama wa Alpha Phi Alpha, na mwalimu wake wa sheria pale Howard, Charles Hamilton Houston, naye pia. Mwaka 1935 walisimama mahakamani Baltimore kumtetea kijana aitwaye Donald Gaines Murray, ambaye Chuo Kikuu cha Maryland kilimkataa katika kitivo cha sheria kwa sababu ya rangi yake. Chama kilisimama nyuma ya shauri hilo tangu mwanzo. Walishinda, na Januari 1936 mahakama ya rufaa ya jimbo ikaidhinisha ushindi wao. Kesi hii ilikuwa hatua ya mapema katika safari iliyofika mwaka 1954, pale Mahakama Kuu ya Marekani ilipotamka kwamba kutenganisha shule kwa rangi ni kinyume cha katiba. Januari 1960 Marshall akaenda kwenye mkutano wa Lancaster House, London, kuwa mshauri wa sheria wa wajumbe Waafrika wa Kenya. Aliandaa mapendekezo ya sura ya haki za binadamu, na akayafanya yawalinde hata Wazungu na Waasia ambao wangebaki kuwa wachache baada ya uhuru. Mtu aliyetumia ujana wake akidai haki za wachache kwao aliona aibu kuzisahau haki za wachache kwa wengine. Mwaka 1967 akawa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama Kuu ya Marekani.

Sitadai kwamba beji ya chama ndiyo iliyomfikisha Marshall huko. Akili yake na ushupavu wake vingemfikisha. Ila shauri la Maryland lilihitaji fedha, mwanafunzi aliye tayari kusimama mbele, watu wa kumtia moyo wakati ambapo chuo kizima kinamkodolea macho, na mawakili wanaoaminiana. Vitu hivyo haviokotwi siku ya kesi. Viliwekwa akiba na tawi baada ya tawi, kikao baada ya kikao, ada ndogo baada ya ada ndogo. Martin Luther King naye aliingia chama hiki mwaka 1952 akiwa anasoma Boston, na ukumbusho wake wa jiwe uliofunguliwa Washington mwaka 2011 ni wazo lililosukumwa na wanachama wenzake kwa zaidi ya miaka 20.

Msikilizaji, kuna upande mwingine, na nisipousema nitakuwa nimekudanganya. Vyama hivi vinaua. Mwaka 1873, pale pale Cornell, kijana aliyekuwa akiingizwa katika chama kimoja cha weupe alipelekwa porini usiku, akaanguka kwenye genge, akafa. Ni katika vifo vya mwanzo kabisa vya aina hiyo vinavyojulikana. Watu weusi walipoanzisha vyama vyao hawakuepuka ugonjwa huu. Kadiri miaka ilivyokwenda waliuongezea fimbo. Mwaka 1989, katika Chuo cha Morehouse jijini Atlanta, kijana wa miaka 18 alianguka na kufa baada ya kupitishwa katika mateso ya watu waliotaka kumwita ndugu, na tawi lile lilikuwa la Alpha Phi Alpha. Mwaka uliofuata vyama vikubwa vya weusi vilipatana kufuta kipindi cha majaribio kwa wanaoomba kujiunga. Majimbo mengi yana sheria dhidi ya mateso hayo. Lakini mateso yameendelea, usiku, kwa siri.

Najua watakaosema kwamba hata kwetu jando lilikuwa na maumivu, na hakuna aliyelilalamikia. Nakataa ulinganifu huo. Jandoni kulikuwa na ngariba na makungwi, watu wazima wanaojulikana kijiji kizima, na kilichompata mtoto kiliulizwa na wazazi wake. Mvulana wa miaka 20 anayemchapa mwenziwe wa miaka 18 kwenye chumba kilichofungwa hana mzee nyuma yake wala wa kumuuliza. Ule ni ukatili uliovikwa joho. Na tusiseme ni mambo ya Marekani. Uliza shule zetu za bweni. Njuka wa Tanzania na mono wa Kenya, yaani wanafunzi wapya, wanajua maana ya kuwafulia watu nguo usiku, kunyang'anywa sukari na sabuni, kupigishwa magoti mpaka alfajiri, eti wakomae. Waliotendewa hivyo mwaka jana ndio wanaotenda mwaka huu, na huo nao ni mnyororo.

Wale saba wa Ithaca walianza kwa kuogopa kwamba mwenzao hatarudi mwaka ujao. Basi tawi lolote linalomfanya mgeni atamani kukimbia limewasaliti, hata livae nyeusi na dhahabu kiasi gani.

Kwetu pia tuna mbegu za jambo hili, na hazina haja ya herufi za Kigiriki. Vyuoni kwetu kuna umoja wa wanafunzi wa mkoa fulani, jumuiya za dini, vyama vya fani. Dar es Salaam wanafunzi wana desturi wanayoiita kubebana: mwenye kitanda hosteli humpokea asiyepata, wakalala wawili kitanda kimoja muhula mzima. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa, sufuria moja ya wali hulisha chumba. Huu ni udugu halisi, na mara nyingi ni mkubwa kuliko ule wa nyumba za kilimani. Kinachokosekana ni kumbukumbu. Umoja mwingi wa mkoa huishi miaka mitatu, kwa nguvu za mwenyekiti mmoja mchangamfu. Akihitimu, daftari hupotea, akaunti hubaki na shilingi mbili tatu, na njuka anayekuja Oktoba anaanza upya kama vile hakuna aliyemtangulia. Wahitimu wenye kazi nzuri hawajui pa kupeleka msaada wao hata wakitaka.

Kwa hiyo wewe uliye kiongozi wa umoja kama huo, nakuomba kabla ya mitihani ya muhula huu kuanza, tafuta daftari, chagueni katibu, andikeni kila kikao. Tafuteni majina ya waliowatangulia miaka 10 iliyopita na namba zao, muwapigie. Wekeni ada ambayo hata mtoto wa mkulima ataimudu. Andikeni katika katiba yenu kwamba atakayemgusa mgeni kwa fimbo ametoka uanachama siku hiyohiyo. Na wewe mhitimu unayenisikiliza ukiwa garini au ofisini, chuo chako unakijua na mkoa wako unaujua. Wapigie leo, uwaulize ni wanafunzi wangapi wa mwaka wa kwanza hawana pa kulala.